Mkaguzi wa Mrusha Tufe

Jumatatu, 4 Mei

Muhula mfupi wa Mei umeanza. Limebaki somo moja tu, Takwimu. Nikilifaulu, Jumamosi ya tarehe 23 mimi, Lowell Stubblefield, navaa joho. Huu ni mwaka wangu wa saba chuoni, na makosa si yangu. Mama amepiga simu kutoka Peoria. Anakuja na ile kofia ya maua aliyoinunua kwa mahafali yangu ya kwanza, yale ambayo sikuhitimu. Amesema kofia hiyo ikirudi tena kabatini bila kupigwa picha na mhitimu, atamvika mbwa.

Sikwenda darasani leo. Siku ya kwanza ni ya kutambulishana, na mimi nafahamika.

Mezani jioni, Orrin Vandersloot, mpangaji mwenzangu, alikula nusu ya bakuli la makaroni ya jibini peke yake. Orrin ni mrusha tufe wa chuo, naye pia amebakiza Takwimu ahitimu. Mabega yake hupita mlangoni kwa zamu. Nikatoa neno la hekima: hawa wanamichezo wanaletwa hapa kurusha vyuma, si kumaliza masomo. Orrin akafuta mdomo, akasema leo leo Profesa Quist wa Takwimu amewapa hesabu za chuo chetu wenyewe. Kati ya wanamichezo kumi wanaoanza, wanane wanamaliza. Kati ya wanafunzi wengine kumi, sita.

Nikasema hesabu hizo zimepikwa. Bi Haverkamp, mwenye nyumba, akasema yeye amepangisha vyumba tangu marehemu mumewe yu hai, na hajaona mrusha tufe akaondoka hapa bila joho. Ila la kwangu mimi ameshalipiga pasi mara mbili, likarudi dukani.

Damu ikanipanda. Nikaweka dau. Kati yangu na Orrin, atakayekosa joho atavaa Boga.

Boga ndilo mnyama wetu, ingawa si mnyama. Timu nyingine zina simba na tai. Sisi mji wetu unalima maboga, kwa hiyo tuna boga kubwa la sponji lenye matundu ya miguu na mikono ya sponji, na kila mahafali ndilo linaloongoza maandamano. Kijana aliyekuwa akilivaa anahitimu mwaka huu. Nafasi iko wazi.

Orrin alinipa mkono. Vidole vyangu bado vinauma.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata njia. Idara ya michezo inatafuta mkaguzi! Ndio utaratibu wao: kila asubuhi mtu hupita kwenye milango ya madarasa kuhakikisha wanamichezo wamekaa safu mbili za mbele, kofia chini, masikio wazi. Mmoja akikosekana, timu nzima inapanda na kushuka ngazi za uwanja kabla jua halijachomoza. Nani atamnasa Orrin akitoroka, kama si mimi?

Bi Ruzicka, msimamizi wa masomo yao, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya honi ya treni. Aliniuliza kama nina somo lolote asubuhi. Nikasema hakuna la kutaja. Kweli Takwimu ni saa tatu, lakini Orrin naye yumo humo humo, kwa hiyo nitakuwa pale pale. Profesa ataniona kwa macho yake mwenyewe. Mahudhurio ni nini, kama si kuonekana?

Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Jumatano, 6 Mei

Saa tatu kamili mlangoni. Orrin safu ya kwanza, nywele bado mbichi, penseli mkononi. Nikamtia alama. Profesa Quist akanitazama, akaniinamishia kichwa kwa adabu. Nami nikainamisha changu. Hudhurio langu la kwanza hilo.

Nikaenda kwa wasichana wa mpira wa wavu darasa la Biolojia. Wote wapo, warefu kama nguzo, wanaandika. Nyuma yao viti vya wanafunzi wa kawaida vilikuwa nusu vitupu, na mmoja alikuwa amelala na nguo za kulalia. Huyo sikuulizwa habari zake.

Mkaguzi anakula bure kwenye meza ya wanamichezo. Nilikula vizuri.

Ijumaa, 8 Mei

Orrin hajakosa. Anatia kichefuchefu. Jana alitoka mazoezini amelowa mvua, akakaa jikoni na barafu begani, akafanya maswali yote ya Takwimu, kisha akaosha vyombo. Nilimuuliza anajikomba kwa nani. Akasema, "Bwana Lowell, vyombo vyenyewe ni vyako."

Mpango mpya. Jumapili nitamwomba Bi Haverkamp atuokee pai za tufaha, nimshindilie Orrin hadi Jumatatu asiweze kuamka. Mtu mkubwa, tumbo kubwa, usingizi mkubwa. Ni takwimu hiyo.

Jumatatu, 11 Mei

Pai zilikuwa tatu. Orrin alikula kipande kimoja, akashukuru, akasema kocha amempangia chakula. Sikutaka Bi Haverkamp avunjike moyo, nikajitolea kumaliza.

Asubuhi nilihisi kitanda kinainuka. Ni Orrin, ameinua upande mmoja kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshafanya mazoezi, ameshaoga, na alirudi nyumbani aliponikosa njiani. "Amka, ndugu yangu," akasema. "Leo utanikagua vipi ukiwa umelala?"

Tukaenda pamoja. Alinibebea begi. Mlangoni akaingia, mimi nikamtia alama. Namhusudu mtu huyu, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nimeanza kumpenda.

Jumatano, 13 Mei

Nikaenda uwanjani kumpeleleza. Niliamini kwamba huko ndiko ukweli uliko, kwamba wanapiga soga na kurukaruka. Haikuwa hivyo. Orrin alikuwa amechomeka vikadi vya Takwimu kwenye mfuko wa viatu, na kati ya mtupo na mtupo mwenzake Winnie, mrusha kisahani, anamuuliza swali. Akikosa anakimbia mzunguko mmoja. Winnie naye akikosa lake la Kemia anakimbia. Mvua inanyesha. Hakuna aliyewashurutisha.

Winnie akanikabidhi vikadi eti nina mikono mikavu. Nikauliza maswali mpaka giza likaingia. Tufe likiondoka mkononi mwa Orrin husikii kitu, halafu ardhi inasema ndu! Nimeishi naye nyumba moja miaka miwili na sikuwahi kwenda kumtazama. Niseme ukweli, lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona chuoni hapa, na nimekaa hapa kuliko wote.

Tukirudi nilimuuliza siri ni nini. Akasema yeye hana akili kuliko mimi. Akasema, "Sisi tukikosa darasani tunatafutwa. Kocha anapiga simu, Bi Ruzicka anapiga simu, Winnie anakuja kugonga dirisha. Wewe ukikosa, nani anakutafuta?"

Nikamwambia huo ndio uitwao uhuru. Akauliza kama na mimi ninajisomea lolote, mtihani ni tarehe 22. Nikamwambia asihangaike, mimi na Profesa tunaonana kila siku.

Alhamisi, 14 Mei

KITI CHA ORRIN KITUPU!

Nilisimama mlangoni, nikahesabu safu ya kwanza kulia kwenda kushoto, kisha kushoto kwenda kulia. Hayupo. Nikakimbia. Nilipita bustanini nikakanyaga maua. Nikaingia ofisini kwa Bi Ruzicka bila kubisha, nikatangaza kwamba Vandersloot ametoroka, na nikaomba timu ikimbie ngazi, na mimi niruhusiwe kutazama.

Bi Ruzicka akaweka kidole mdomoni, akanionyesha meza ya pembeni. Orrin alikuwa ameiinamia, jasho linamtoka, anafanya jaribio la Takwimu. Darasa linalifanya kesho, na kesho atakuwa kwenye basi la timu kwenda mashindanoni Michigan. Ameomba alifanye mapema kuliko wote.

Bi Ruzicka alisema kwa sauti yake ya treni kwamba katika miaka yake yote hajapata mkaguzi mwenye moyo kama wangu. Ameniongezea milango miwili. Orrin aliinua kichwa akanikonyeza. Wakati wa kurudi, bustani niliyoikanyaga ilibidi niizunguke kwa mbali.

Jumatatu, 18 Mei

Orrin amerudi na medali ya shaba, na sura ya mtu aliyesoma ndani ya basi safari nzima. Winnie anasema wenzao walizima taa wakalala, Orrin akawasha tochi ya kichwani kama mchimba madini. Medali amemwachia Bi Haverkamp, naye ameitundika juu ya friji. Nami nilimpa Bi Haverkamp kitu mwaka juzi. Sijui kiko wapi.

Hata hivyo sina wasiwasi. Sijakosa mlangoni hata siku moja. Leo Profesa Quist amenisalimia kwanza yeye. Amesema, "Habari za asubuhi, kijana, hongera kwa bidii." Nilikaribia kulia. Katika miaka saba hakuna profesa aliyewahi kuniambia neno hilo. Nimempigia mama nikamwambia kofia aipige brashi.

Orrin akasikia. Akaniletea vikadi vyake vyote vimefungwa kwa mpira, akasema nivipitie walau mara moja. Nimeviweka chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba.

Ijumaa, 22 Mei

Leo nimeingia darasani kwa mara ya kwanza. Ni chumba kizuri kuliko kinavyoonekana ukiwa mlangoni.

Nilikaa karibu na Orrin, nikachonga penseli. Profesa Quist akagawa karatasi za mtihani, akanifikia, akasimama. Akanong'ona kwamba Vandersloot yupo, amemwona, naweza kuendelea na milango mingine. Nikasema leo nimekuja kwa ajili yangu. Akauliza jina. Nikamtajia. Akaniita nje, mlangoni pangu.

Akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, kwamba muhula huu ni mfupi, na anayekosa siku tatu hufutwa. Lowell Stubblefield alifutwa wiki ya kwanza. Nikamwambia nilikuwepo! Kila siku! Alikuwa akinitazama! Akasema ni kweli, tangu aanze kufundisha hajaona mtu mwaminifu kwa mlango kama mimi. Alidhani ni mwajiriwa wa idara ya michezo. Hakuna aliyemwambia kwamba mimi ni mwanafunzi.

Nikatazama ndani kupitia kioo. Orrin alikuwa ameinama, vidole vile vinene vimeshika penseli kwa uangalifu, kama mtu aliyeokota kifaranga. Mkono wangu wenyewe ukatoa karatasi yangu ya ukaguzi. Nikamtia alama: yupo.

Jumamosi, 23 Mei

Ndani ya Boga kuna joto, na kunanuka soksi za watu wengi.

Niliongoza maandamano. Dau ni dau. Nilimwona mama safu ya nne, kofia ya maua kichwani, akinyoosha shingo kutazama wenye majoho mmoja baada ya mwingine. Alitazama wote. Mimi nilipita mbele yake kabisa, nikapunga mkono wa sponji, naye akapunga kwa heshima kama boga linavyopungiwa, akaendelea kunitafuta nyuma yangu. Hapo, ndani ya lile Boga, nililia. Na ukilia humo huna mkono wa kujifutia.

Orrin alipoitwa jina, wanamichezo wote walisimama. Bi Ruzicka alipiga mluzi. Bi Haverkamp alipiga kelele kwamba ni mpangaji wake. Nami nikajikuta narukaruka, Boga linapanda na kushuka, nashangilia kuliko wote, bila kuombwa. Alistahili. Nilimkagua mimi mwenyewe.

Aliposhuka jukwaani hakwenda kwenye picha. Alikwenda safu ya nne, akamwinamia mama, akamwambia jambo, akamshika mkono, akamleta hadi nilipo. Mama akachungulia kwenye tundu la mdomo. "Mwanangu," akasema, "umo humo?" Nikasema nimo. Akaniuliza kama nimekula.

Tumepiga picha: mama na kofia, Orrin na joho, mimi na Boga. Mama amesema imehesabika, pichani yumo mhitimu, mbwa ameponea chupuchupu.

Jumapili, 24 Mei

Orrin ameondoka leo, amepata kazi ya ualimu wa hesabu huko Iowa. Kabla ya kuondoka alitoa vikadi vyake chini ya mguu wa meza, akavipangusa, akavirudisha mkononi mwangu. Anasema mwakani atanipigia simu kila asubuhi saa mbili na nusu mpaka nimalize. Alinikumbatia, nikasikia mifupa ikijibu. Nitamkumbuka. Simu nitailaza chini ya mto isinisumbue.

Kwa maana habari njema zimekuja. Bi Ruzicka alinifuata jana nikiwa navuliwa Boga. Ameona nilivyoruka, anataka nilivae mwaka mzima. Na kwenye vitabu vyao anayevaa Boga anahesabiwa mwanamichezo.

Mwanamichezo! Wanane kati ya kumi! Jana nilikuwa kwenye wale sita, leo nimepanda bila kufungua kitabu. Orrin alihangaika bure na tochi kichwani, kumbe mtu anaingia tu kwenye kundi, na kundi linambeba. Takwimu nitaisoma nikipata nafasi.

Kuna sharti moja dogo. Kila mwanamichezo lazima awe na mkaguzi wa kumtazama mlangoni kila asubuhi. Nikauliza wangu atakuwa nani. Bi Ruzicka akasema bado wanatafuta mtu mwaminifu.

Nimeshapeleka maombi.