Paka Panya wa Chumba Namba Nne

Jumanne, 1 Aprili 1997

Nimeanza daftari hili leo. Mtu wa sayansi huandika jambo siku linapotokea. Nina miaka sitini na sita, kumbukumbu safi kabisa. Miwani yangu siioni.

Hali ya mji: mbaya. Umeme: hakuna tangu Ijumaa. Vita: mitaani wanasema iko karibu, redio inasema iko mbali. Panya: wazima wote wawili.

Nieleze, kwa faida ya atakayesoma. Ukimtoa panya kizimbani kwa mkono ili umtahini, hupimi akili yake. Unapima hofu yake ya mkono. Ndiyo maana yule profesa mgeni alijenga kizimba kinachotahini chenyewe. Panya anaishi humo, analala humo, anatahiniwa humo humo nyumbani kwake. Taa inawaka. Panya anabonyeza kidude cha shaba upande huu, punje ya mahindi inaanguka kibakulini upande ule, mashine inahesabu. Mkono wa mtu hauingii! Profesa alikimbia baada ya uporaji wa mwaka 1991, akaniachia mimi, msaidizi wake wa maabara, mashine na ufunguo.

Ufunguo ndio taabu. Mlango wa chumba namba nne una kufuli mbili: yangu na ya Godefroid. Godefroid anafuga sungura uani na anakitaka chumba. Mimi siingii bila yeye, yeye haingii bila mimi. Kila asubuhi saa mbili tunakutana mlangoni kama wachumba waliokosana. Sasa Doyen, mkuu wa kitivo, amekata shauri. Jumamosi tarehe 12 atapita kuangalia. Chenye kufanya kazi kitabaki chumbani, kingine kitatoka.

Sungura hawahitaji umeme. Godefroid amenikumbusha hilo mara tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimewapa panya majina. Nimeyaandika kwenye kikaratasi kwa mwandiko mzuri. Yule mnene: Mkubwa. Yule mwembamba: Citoyen, yaani raia, kama serikali inavyotuita sote.

Si utani. Ni kwa uchunguzi. Kidude kiko mbali na kibakuli. Umeme ukiwapo, Citoyen anabonyeza, na akifika kibakulini anamkuta Mkubwa ameshakula. Anarudi kubonyeza. Hii inaitwa tabia ya kijamii. Nilimweleza mke wangu Mado jambo hili kwa saa nzima, yeye akitwanga mihogo, mimi nimeketi nikila karanga alizokaanga. Hakuona cha ajabu.

Aliniuliza tu kama mule chumbani "muko paka panya." Nikamsahihisha. Hapa Lubumbashi tunasema "paka" tukimaanisha "tu". Lakini katika Kiswahili cha vitabu, paka ni mnyama, tena adui wa panya. Mtu wa nje akisikia "paka panya" atafikiri wamo wote wawili. Mado akasema yule mnyama anaitwa pushi, na mtu wa nje atakuja kufanya nini katika vita hii.

Alhamisi, 3 Aprili

Bahati! Jirani yetu hapa mtaa wa Hewa Bora, Bwana Kataliko, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, anaogopa askari watamnyang'anya lori. Ameitoa betri na kunikabidhi niifiche. Lori bila betri ni nyumba tu, alisema. Niliapa kwamba hakuna atakayeigusa.

Kuificha ni kuificha. Hakusema wapi. Nimeipeleka kwa baiskeli hadi chumba namba nne. Taa imewaka, mashine inahesabu. Citoyen amebonyeza mara 61. Mkubwa amekula 58. Godefroid alisimama mlangoni na karoti yake mkononi.

Jumamosi, 5 Aprili

Betri imekufa.

Kataliko amekuja kuichukua. Anataka kupeleka familia mpakani, leo hii. Lori halikuwaka. Mtaa mzima ulilisukuma hadi kona. Nilitembea pembeni nikiwaeleza kazi ya asidi ndani ya betri, ili waelewe wanachosukuma. Likawaka. Kataliko hakuniaga. Mado alikuwa amemtumia mkewe maharagwe ya kuomba msamaha, na sasa hatuna maharagwe.

Jumatatu, 7 Aprili

Godefroid amesema, bila kuficha furaha, kwamba Doyen yuko uwanja wa ndege wa Luano anatafuta ndege ya kukimbia. Nani basi atapita tarehe 12? Nikaona njia. Doyen asaini leo kwamba chumba ni changu, kabla hajapanda. Nikachukua baiskeli na daftari la panya kama ushahidi.

Kizuizi, barabara ya uwanja wa ndege. Koplo akafungua daftari. Akasoma kwa sauti, polepole: Mkubwa amelala. Citoyen amebonyeza mara 61. Mkubwa amekula 58.

Mwenzake akasema chinichini kwamba hayo ni ya kweli. Koplo akamnyamazisha, akaniambia hii ni trakti, karatasi ya uchochezi dhidi ya serikali.

"Huyu Citoyen eko wapi?"

Nikasema yuko kizimbani.

"Bamufunga?"

"Tangu azaliwe," nikajibu.

Hapo nikaketishwa kwenye matofali. Nikaeleza. Nilianza na profesa, nikaja kwenye hofu ya mkono, nikafika kwenye punje. Nilikuwa bado kwenye punje ndege ilipopita juu ya vichwa vyetu. Doyen huyo. Koplo akaniomba niende zangu. Kweli aliniomba.

Jumatano, 9 Aprili

Mji umeingia mikononi mwa waasi, ambao sasa tunawaita wakombozi. Milio ya risasi, kisha kimya, kisha watu barabarani na matawi ya miti. Citoyen hatuitwi tena. Sasa sote ni Camarade, yaani komredi.

Godefroid alikwenda kuwapokea wakombozi akiwa na sungura mnono kwapani. Amemzawadia Commandant mmoja anayesimamia mtaa wa chuo. Huyo alikulia Tanzania, Kiswahili chake kinanyooka kama rula. Amekubali kupita chumba namba nne, tarehe ile ile, kwa sharti lile lile. Sungura mmoja tu, na mambo yamekwenda!

Alhamisi, 10 Aprili

Umeme bado. Betri hakuna. Lakini akili ipo.

Nimetundika pazia nyuma ya kizimba, kikwembe cha Mado, kitenge cha harusi ya binti yetu. Mrija wa punje unapita chini yake. Nyuma ya pazia: kiti, kopo la mahindi, mimi. Panya anabonyeza, nasikia "tak", namwaga punje. Atakayeangalia ataona mashine inafanya kazi.

Mtu anaweza kusema ndio mkono wa mtu ule ule. Hapana. Mkono uko nyuma ya pazia. Kisayansi ni tofauti.

Ijumaa, 11 Aprili

Mazoezi siku nzima. Panya wameacha kubonyeza. Wanaketi wote wawili wakilitazama pazia. Citoyen akisimama kwa miguu miwili, huruma inanishika, namwaga. Mara arobaini amesimama, mara arobaini nimemwaga. Sijawahi kupata matokeo safi namna hii.

Mado aliniletea chakula, akachungulia.

"Baba Mwenze, bale bapanya banakufundisha."

Nikamweleza kwamba hajasoma mambo haya.

Jumamosi, 12 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili, tulipofungua, nilijificha nyuma ya pazia; Mado akafunga kufuli yangu na Godefroid yake, akidhani nimetoka. Saa tatu bado nimo. Mado alikuwa na ufunguo wangu, akafungua kufuli yangu. Godefroid akafungua yake. Nikasikia buti, watu watatu au wanne. Commandant akauliza kuna nini ndani.

"Muko paka panya, Commandant," akasema Godefroid.

"Paka na panya? Chumba kimoja?"

"Njo vile. Paka panya."

Commandant akauliza, kwa mshangao, kama basi panya hawaliwi.

"Banakula paka kule Mitwaba," akajibu Godefroid.

Mimi ni mtu wa Mitwaba! Kweli kwetu panya wa porini huliwa, tena akikaushwa moshini ni mtamu. Godefroid alimaanisha kwamba wanaliwa huko tu. Lakini Commandant alisikia kwamba Mitwaba watu wanakula paka. Nilijing'ata ulimi. Chumba kwanza, heshima ya Mitwaba baadaye.

Nilisubiri "tak". Hakuna "tak". Nikachungulia kwenye tundu dogo. Mkubwa na Citoyen wamekipa kidude mgongo. Wamesimama kwa miguu miwili, bega kwa bega, macho kwenye pazia.

"Panya wanatazama pale," akasema Commandant. "Paka wenu yuko nyuma ya pazia. Mtoeni."

Nikasikia bunduki ikiandaliwa. Mtu mwingine angesema usipige. Mimi nilisema hivi:

"Samahani, Commandant. Hapa kwetu 'paka' maana yake ni 'tu'."

Pazia likaondoka. Nikabaki kwenye kiti, kopo la mahindi mapajani. Citoyen alikuwa bado amesimama, na wote walikuwa wakiniangalia. Nikammwagia punje.

Commandant alicheka hadi akaomba kiti changu. Akajifuta macho, akasema, "Mzee, mashine ni wewe."

Uamuzi: chumba kitawekwa redio yake ya mawasiliano. Kufuli zote mbili zimekatwa kwa tindo. Askari waliomba sungura watatu, wakachukua wote. Godefroid na mimi tuliketi kwenye ngazi, kizimba katikati yetu. Alikuwa bado na karoti. Akaivunja, akampa Citoyen nusu. Mkubwa akaichukua.

Jumatatu, 14 Aprili

Kizimba kiko jikoni kwetu, juu ya meza ya Mado. Profesa angefurahi. Alitaka panya atahiniwe nyumbani, na sasa tuko nyumbani hasa.

Umeme ulirudi jana mchana kwa saa mbili. Panya walibonyeza vizuri. Walipochoka walinitazama, nikawasaidia kidogo.

Kataliko amerudi salama. Betri yake ameileta tena kufichwa, lakini safari hii amemkabidhi Mado, na amemwapisha asiniambie iliko. Iko chini ya kitanda. Nitaiazima mchana tu.

Mado amegonga sufuria kwa mwiko. Nikaenda, nikala, nimerudi.

Nimetafakari sana kosa la kule kizuizini. Kosa lilikuwa majina! Yalikuwa ya utawala uliokwisha. Kwa hiyo leo nimeyabadilisha kwa heshima ya zama mpya, kwa mwandiko mzuri zaidi. Yule mwembamba: Camarade. Yule mnene: Commandant.

Kesho napeleka daftari kwa Commandant mwenyewe, nimwombe walau kona moja ya chumba. Njiani kuna vizuizi vitatu, na Mado amenisihi niliache nyumbani. Sioni sababu. Nimeandika kwa uwazi kabisa: Camarade amebonyeza mara 52. Commandant amekula 50.

Hapo hakuna anayehitaji maelezo. Ingawa nitayatoa.