Mapaja ya Ithel na Miguu ya Mtawala

Jumatatu, 22 Septemba

Mshika Miguu amekufa. Mungu amrehemu! Miaka ishirini na sita ameketi chini ya meza kuu, akiupa moto mgongo, miguu ya Mtawala Rhirid mapajani mwake, wakila sahani moja. Mpya anaanza kazi Jumatatu ijayo, sikukuu ya Malaika Mikaeli.

Nimewaza kutwa nzima. Baba ameshaniahidi kwa Tudur wa ng'ambo ya mto. Harusi mwisho wa Oktoba. Tudur ana miaka arobaini na tisa, ana kikohozi, na mazungumzo yake ni nyuki. Jana alinieleza tabia za nyuki muda wote wa chakula, kisha akaniuliza kama nimefurahi. Mimi! Niliyefundishwa kusoma na watawa! Niliyevimaliza vitabu vyote vya sheria vya Baba, hakimu wa baraza, hata kurasa zilizotafunwa na panya!

Nani anaweza kumpinga Baba? Mtawala tu. Nani anaweza kumnong'oneza Mtawala akiwa anatafuna? Mshika Miguu. Na nani ana mapaja mapana kuliko vijana wote wa bonde hili? Mdogo wangu Ithel.

Nilipoliona hilo niliruka kitini. Kalamu imeanguka, wino umemwagika kwenye sheria za mipaka ya mashamba. Si kitu.

Jumanne, 23 Septemba

Nimemweleza Ithel. Akauliza kama Mshika Miguu anapata nyama. Nikasema anapata ile ile ya Mtawala. Akakubali kabla sijafunga mdomo. Habari za miguu hakuuliza.

Mazoezi yameanza. Sikupata mtu wa kuniazima miguu, nikatumia paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Nikamwekea mapajani. Usibane. Usilegeze. Usilale. Alikaa vizuri ajabu, kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Nikatoka kuchota maji. Niliporudi nikakuta mfupa.

Anasema lilikuwa linamwangalia.

Jumatano, 24 Septemba

Gwerful! Binti wa msimamizi wa ukumbi. Tangu utotoni nikipenda kitu, naye anakipenda. Sasa anataka kaka yake Madog apewe cheo. Wanafanya mazoezi kwa mwanakondoo aliye hai. Nakiri, wazo zuri. Nimeumia sana.

Tumekutana kisimani. Akasema mbele ya wanawake wote kwamba Ithel wetu ni godoro lililoota nywele. Nikamjibu kwamba Madog wao ana mapaja kama fito za uzio, Mtawala atatoka na vidonda. Akanicheka. Akaniita hakimu wa jikoni. Akasema anajua ninachokimbia, na akapita akivuma puani: zzzz! Kisima kizima kikavuma.

Nimerudi bila maji.

Ijumaa, 26 Septemba

Jana na leo uji wa shayiri, siagi juu. Mapaja yanaitika.

Sasa maneno. Nimeyachuja mpaka yakabaki sita: "Mtukufu, harusi ya dada yangu isifanyike." Ithel ameyarudia mara arobaini. Mara mbili alifika mwisho. Nyingine zote alisema, "Mtukufu, harusi ya dada yangu," akaniomba siagi.

Mara mbili si haba. Mwanzo ni mgumu kwa kila mtu.

Jumapili, 28 Septemba

Uteuzi umefanyika baada ya misa. Mtawala amevua soksi mbele ya baraza zima. Miguu yake ni ya kijivu na ina baridi ya kaburini, nami sikuyageuza macho.

Madog alianza. Mtawala aliweka miguu, akasema, "Aa!" kama mtu aliyejikwaa ngazini, akaitoa. Mwanakondoo alisimama mlangoni akilia.

Akafuata Ithel. Mtawala akaweka mguu wa kulia. Wa kushoto. Akafumba macho. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuitumia vitani, akasema, "Hapa."

Nimeshinda! Gwerful amenipongeza kwa meno tu. Mimi nimempungia mkono kwa unyenyekevu mkubwa. Mara tatu.

Jumatatu, 29 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Karamu imeanza adhuhuri. Ithel chini ya meza kuu, miguu ya Mtawala mapajani. Akala kondoo. Akala bata. Akala bata wa pili. Mimi upande wa wanawake nikimfanyia ishara: nong'ona! nong'ona! Hakuniona. Tudur aliniona. Alidhani ni yeye anayeitwa. Akanirudishia ishara, zote, kwa mikono miwili.

Ghafla akaingia mjumbe wa mfalme wa Waingereza, koti jekundu, pua juu. Sasa, Mtawala wetu aliapa mwaka jana, akiwa amepiga magoti kwenye matope mbele ya mfalme huyo, kwamba mjumbe huyo akiingia atasimama. Baba ndiye aliyekiandika kiapo.

Mtawala akajaribu kusimama. Hakuweza. Ithel alikuwa amelala fofofo, ameikumbatia miguu ya Mtawala kama mtu aliyeota paja la nguruwe limerudi. Mtawala akavuta. Wapi! Akamsukuma kwa goti. Mkoromo. Nikasikia kabisa, "Niachie, we kiumbe!" Mjumbe anasubiri. Ukumbi unasubiri. Jasho linamtiririka Mtawala mpaka kwenye ndevu.

Basi akasema kwa sauti kubwa kwamba ndani ya ukumbi wake husimama mbele ya Mungu tu.

Mara kelele! Meza zikapigwa, mbwa wakabweka, malenga akanyakua kinubi akaanza kusifu kabla hajapata vina. Mjumbe akaondoka bila hata kuonja pombe ya asali. Mtawala alikuwa mweupe kama jibini, lakini sifa zilipozidi naye akaanza kuamini. Akamwamsha Ithel kwa busu la utosini. Akamwambia, "Mwanangu, miguu yangu leo imekuwa mizizi ya nchi hii. Omba chochote!"

Nikasimama. Midomo yangu ilikwenda pamoja na yake.

"Mtukufu," akasema Ithel. "Harusi ya dada yangu."

Akaishia hapo. Akaitazama siagi.

Mtawala akapiga meza. Harusi! Ndugu gani huyu, hakuomba shamba, hakuomba farasi, ameomba dada yake asicheleweshwe! Basi isingoje mwisho wa Oktoba. Ifanyike Alhamisi, humu humu ukumbini, na yeye mwenyewe atakuwepo. Baba akalia kwa furaha. Tudur akaniletea sega la asali akikohoa. Gwerful alicheka mpaka wakamshika mabega asianguke.

Jumanne, 30 Septemba

Ithel amekuja kuniuliza kama nimefurahi. Anasema kweli alisahau neno la mwisho, ila aliona ni neno moja tu.

Sikumpiga. Nilimpiga kidogo, kwa kitabu cha sheria. Kikafunguka. Na hapo, kwenye sheria za wanawake, kando ya tundu la panya, nikasoma: mke anaweza kumwacha mumewe na kuondoka na mali yake yote ikiwa pumzi ya mume inanuka.

Nimekaa chini. Nimesoma mara nne.

Ya Tudur inanukia asali. Kwa sasa! Lakini nitakuwa mke mwema, nitampikia mwenyewe. Vitunguu asubuhi. Samaki wa wiki iliyopita mchana. Jibini la bibi, lile linalokaa nje kwa sababu nyumbani halivumiliki. Kufikia Krismasi hata nyuki watahama.

Kinachobaki ni shahidi. Anatakiwa mtu anayekula sahani moja na Mtawala, atakayesema kwa ukamilifu. Safari hii sikutaka makosa. Nimempa maneno manne tu: "Mtukufu, pumzi yake inanuka."

Ithel tayari amefika la pili. Nimempelekea siagi.