Hotuba ya Kuzindua Mradi wa Kulinganisha Namba Bila Mwalimu

Mwalimu Mkuu wa shule hii, mwenyeji wangu na mwandishi wa barua nne ambazo nimezipokea zote. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Katibu, ambaye naambiwa amekwenda kutafuta waya wa kipaza sauti lakini kiitifaki anahesabiwa kuwa yupo. Wakuu wa idara mliokuja kwa magari na mliokuja kwa miguu. Walimu wa masomo yote yenye walimu. Mpishi wa shule. Wazazi, walezi na wadau. Wanafunzi wa darasa la saba mlioketi mbele yangu juani, kwa kuwa turubai limetosha meza kuu tu. Na wewe karani wangu mwenye jalada. Mabibi na mabwana. (Makofi. Karani anaendelea kupiga makofi wengine wakiwa wamemaliza.)

Nasimama hapa nikiwa Afisa Elimu wenu, mlezi wa hesabu katika eneo letu lote, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Ulinganishaji na, nasema kwa unyenyekevu, mbunifu wa mradi tunaouzindua leo, yaani Mkakati Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kulinganisha Namba Chanya na Namba Hasi kwa Madarasa ya Kati, Awamu ya Kwanza. Jina hilo peke yake limechukua vikao saba na semina mbili. Kuna mjumbe aliyependekeza tuseme tu "kujua namba ipi kubwa", nikamwuliza kwa upole amesomea wapi utawala, akaketi. (Kicheko meza kuu.)

Ndugu wadau, tatizo tunalijua. Darasa la saba la shule hii limekaa mihula miwili bila mwalimu wa hesabu, na mtihani wao wa mwisho umebakiza wiki tisa. Mtoto akiulizwa kati ya hasi nane na hasi mbili ipi kubwa, anaona nane, anaona mbili, anakamata nane haraka kama anayegombea kiti, na anakosea. Mwalimu Mkuu aliniandikia barua ya kwanza akiomba mwalimu. Ya pili ilikuwa ya kukumbusha. Ya tatu ilisema yupo mwalimu kijana aliyehitimu, yuko tayari, amekwisha kupanga chumba karibu na shule, na kinachokosekana ni saini yangu peke yake. Ya nne haikuwa na salamu. Napenda kutamka hadharani kwamba barua hizo zinafanyiwa kazi. (Mguno upande wa wazazi.) Zinafanyiwa kazi, jamani. Ziko juu ya meza yangu, upande wa dirishani, chini ya kitu kizito.

Hata hivyo ofisi yangu, ambayo haikurupuki, ilijiuliza swali la kimkakati: je, ni lazima mwalimu awepo? (Mwanafunzi mmoja anajibu kwamba ndiyo.) Asante kwa mchango wako, tutauingiza katika ripoti. Tulifanya upembuzi yakinifu tukabaini kwamba mwalimu, kama nyenzo, ana changamoto za kimfumo. Mwalimu huchoka. Mwalimu huhamishwa. Mwalimu huugua, anasema ni mafua tu, anakwenda kazini Jumatatu na Jumanne, na Jumatano haendi. (Wazazi wanatazamana.) Mstari wa namba hauugui. Ukishachorwa, umechorwa, unaukuta kesho pale pale ulipouacha. Ndiyo maana mradi huu unajitosheleza na hauhitaji mtu wa kusimama mbele ya darasa lile.

Sasa nije kwenye takwimu, maana mimi ni mtu wa data. Tathmini iliyofanywa na wataalamu wangu kabla ya mradi ilionyesha kwamba uelewa wa wanafunzi ulikuwa hasi tano. Baada ya maandalizi ya awali, yaani hata kabla ya mradi kuanza, uelewa huo umepaa hadi hasi kumi na mbili. (Wanafunzi wanacheka.) Naona furaha yenu. Kutoka tano kwenda kumi na mbili ni ongezeko la zaidi ya mara mbili, na kwa kasi hii tunatarajia kufikia hasi hamsini kabla ya mtihani. (Wanafunzi wanacheka zaidi. Mwalimu Mkuu anainamisha kichwa na kushika paji la uso.) Mwalimu Mkuu ameguswa.

Ningependa mshuhudie kwa macho. Ubao wa kielektroniki wenye taa, ambao utawashwa kwa rimoti kutoka ofisini kwangu, uko njiani, na hadi utakapowasili, wanafunzi wenyewe wamechora mstari kwa kipande cha tofali hapa chini, kati yangu na wao. Nauona vizuri. Sifuri ipo katikati, na namba zimepangwa huku na huku. Kanuni ni moja tu, nayo naijua hata nikiamshwa usingizini: katika mstari wa namba, iliyo kulia ndiyo kubwa. Niliisikia kanuni hiyo nyumbani kwangu kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, nikiwa nyuma ya gazeti.

Wewe mrefu, simama juu ya hasi nane. Wewe mwenye sweta, simama juu ya tatu. Vizuri. Mheshimiwa Mwenyekiti, tazama nami. Mkono wangu wa kulia ni huu. Ulipoelekea, amesimama hasi nane. Kwa hiyo natamka rasmi kwamba hasi nane ni kubwa kuliko tatu. (Kelele. Mwenyekiti anapiga makofi, anatazama watu, anaacha.)

Naomba utulivu. Mpishi, nimekusikia. Amesema jikoni kwake friji inaonyesha hasi nane na maji yanaganda, na kama hiyo ni kubwa kuliko tatu, basi chai yenu ya leo ichemshiwe humo. Na yule mzazi wa mwisho, fundi viatu, ameongeza kwamba yeye angekuwa na saizi hasi nane angetembea kwa mikono. Tuheshimiane. Mimi nimefuata kanuni. Kulia ni kulia, hata kamati haiwezi kuibadili.

Nani huyo kanyoosha mkono? Kiranja wa darasa. Haya, sema, lakini kwa kifupi, maana ratiba ni yangu.

(Kiranja, msichana mwenye madaftari kifuani, anasimama. Anasema: "Samahani Mheshimiwa. Kanuni umeisema sawa, ila umekaa kinyume. Njoo usimame upande wetu.")

Kwa utaratibu wa shughuli rasmi, mgeni hashuki jukwaani kabla ya kuhitimisha. Karani, kuna utaratibu wa kushuka? (Karani anapekua jalada, anatikisa kichwa.) Hakuna. Kwa hiyo, kiranja, pendekezo lako ni zuri, lakini halina... (Darasa la saba linasogeza viti. Katikati ya safu ya mbele panabaki nafasi ya mtu mmoja.)

Sawa. Nishikieni kipaza sauti. Waya unafika? Katibu amerudi nao, tumshukuru. (Mgeni rasmi anashuka. Anasimama kati ya wanafunzi, uso ukielekea jukwaani.)

Kumbe.

Hasi nane yuko kushoto kabisa. Tatu yuko kulia. Hasi mbili ingekuwa pale, karibu na sifuri, kulia kwa hasi nane, kwa hiyo ni kubwa kuliko hasi nane. Muda wote nilikuwa nasoma kutoka upande wa pili. Nina miaka kumi na minane kazini, na nikifikiri sana, sikumbuki siku niliyotazama kitu chochote cha shule nikiwa upande huu. (Kicheko kidogo, cha huruma.)

Ndugu zangu, niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye hotuba hii, na karani asikiandike. Aliyekuwa mwalimu wa darasa hili, ambaye watoto mlimwita Mwalimu Sifuri kwa sababu kila somo alisema "tuanzie sifuri", alikuwa mke wangu. Wengi mnajua, mlikuja nyumbani msibani, mlituletea sukari na kuni. Jina hilo nilidhani ni la dharau, nikataka kuandika waraka wa kulipiga marufuku. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Nguo zake zote zilikuwa na chaki kwenye kiwiko, kwa sababu alifuta ubao kwa kiwiko, mimi mwenyewe nikiwa ndiye mgawaji wa vifutio katika eneo zima. Na alipotaka kunionyesha jambo daftarini, hakuligeuza daftari linielekee. Aliinuka, akazunguka meza, akaja kusimama upande wangu. Mimi nilidhani anataka kuchungulia gazeti. (Mpishi anapenga kamasi kwenye aproni.)

Sasa hizo barua nne. Fomu ya kumleta mwalimu mpya ina mstari mmoja juu kabisa, umechapishwa, unasema "kujaza nafasi iliyo wazi". Kila nikiufikia, naifunika. Nikasema afadhali mradi. Nikasema afadhali ubao wenye taa, mstari, rimoti, chochote kisichokuwa na viatu vya kusimama pale aliposimama. Na watoto hawa wamekaa mihula miwili wakifundishana wenyewe, na wamenishinda mbele ya watu. Karani, lete fomu. Najua unayo, unaibeba kila siku kwenye jalada ukingoja. Geuka, nipe mgongo wako. (Anatia saini mgongoni mwa karani. Karani anasimama kama nguzo.) Mwalimu kijana atasimama mbele ya darasa hili kuanzia leo, si Jumatatu. (Shangwe. Viti viwili vinaanguka.)

Tuimbe kaulimbiu ya mradi, niite nanyi mjibu, na safari hii tuipate. Hasi mbili na hasi nane! (Hasi mbili kubwa!) Hasi moja na sifuri! (Sifuri kubwa!) Moja na hasi mia! (Moja kubwa!) Na Mheshimiwa anasimama wapi? (Upande wetu!) Hiyo sikuiandika, lakini iingie.

Kwa hayo mengi, nashukuru. Namshukuru mkandarasi wa mradi, ambaye hayupo. Naushukuru ubao wa kielektroniki, ambao niliwaambia uko njiani ilhali hakuna aliyeuagiza. Naishukuru Kamati Kuu ya Ulinganishaji, ambayo ni mimi, karani na birika la chai, na nawashukuru wataalamu wa tathmini, ambao ni karani yule yule, asubuhi ya leo, kabla ya chai. Vikao saba vilikuwa vya jina, na jina lilipokamilika hatukuwa na kitu cha kuita kwa jina hilo. Mradi huu, ndugu zangu, haujawahi kuwapo hata siku moja. Nawashukuru mliokuja kuuzindua.

Mwalimu kijana, Mwalimu Mkuu anasema upo hapa, uko wapi? Usijifiche nyuma ya wazazi. Chumba cha darasa ni kile cha mwisho. Dirisha la nyuma hukwama. Usilivute, litakukata vidole. Lisukume kwa bega, upande wa chini, mara mbili, mara ya pili kwa nguvu kidogo.

(Mwalimu kijana anapita katikati ya wazazi. Darasa la saba linabeba viti vyake na kumfuata. Meza kuu haijui kama ipige makofi. Kutoka chumba cha mwisho unasikika mgongano wa bega na ubao wa dirisha, kisha wa pili, kisha dirisha linafunguka.)