Sarafu ya Sajini Clyde

Lonnie Purvis hakuwahi kuvaa buti la jeshi hata siku moja, lakini mjini Fayetteville, ambako ukirusha jiwe utampata askari, jeshi ndilo lililomlisha. Kila Jumamosi alipanga meza yake kwenye gulio la karibu na kambi, akauza sarafu za kikosi: visahani vya shaba ambavyo kamanda humpenyezea askari hodari kiganjani wakati wa kupeana mkono. Za Lonnie hazikupita kiganja cha kamanda yeyote. Zilitoka kiwandani kwa katoni, naye akaziloweka kwenye siki na majani ya chai mpaka zikapata sura ya kupigana vita viwili. Kila mtu na riziki yake.

Jumamosi moja asubuhi alimwona bibi wa kofia ya zambarau akizishikashika sarafu kama anayechagua nyanya.

"Nataka kuanza kukusanya hizi," bibi akasema. "Ila sijui pa kuanzia."

Lonnie nusura apige magoti. Mteja asiyejua pa kuanzia hajui pia pa kuishia.

"Umefika kwenyewe, mama. Sijui nani vile?"

"Odessa Tharpe. Mjane wa Sajini Clyde Tharpe."

"Pole sana, Bi Odessa. Basi somo la kwanza: usichukue moja moja. Sarafu ni kama kuku, ukimtenga anakonda. Chukua meza nzima."

"Yote, mwanangu?"

"Nikibakiza hata moja nitakuwa nimekudhulumu."

Bi Odessa akatoa dola mia nne bila kuomba kupunguziwa. Kisha akafungua kitambaa kilichofunga sarafu moja. "Na hii ya Clyde wangu? Alipewa na jenerali, kulekule vitani."

Lonnie akasogea karibu. Sarafu za namna hiyo zilitengenezwa ishirini tu, na tajiri mmoja wa Raleigh alikuwa akiitafuta moja kama dawa. Nakala zake Lonnie alizimwaga mjini kwa miaka, lakini ya kweli hakuwahi kuitia mkononi. Kwa bei ya huyo tajiri angeagana na gulio moja kwa moja.

"Hebu niipanguse vumbi," akasema, akakohoa. Kikohozi kilipokwisha, kwenye kitambaa kulikuwa na nakala ya palepale mezani, na ile nyingine ilikuwa mfukoni mwake. Hakuikagua. Mtu akikitaka kitu sana, macho huenda likizo.

"Una roho nzuri wewe," Bi Odessa akasema. "Twende klabu ya wastaafu nikakulishe mchana."

Kukataa kungetia shaka. Isitoshe, chakula cha bure kilikuwa udhaifu wake wa pili.

Klabuni walikuta wastaafu thelathini na wanane, wote waliowahi kununua mezani kwa Lonnie, wakishughulika na samaki wa kukaanga. Bi Odessa akaegemea kaunta, akapekua mkoba, na sarafu ikamponyoka. Ikagonga mbao: *ngri!*

Vichwa vyote vikageuka. Kwa watu hawa, sarafu ikigusa kaunta, hata kwa bahati mbaya, ni mwito. Kila aliyemo aonyeshe yake papo hapo. Asiyekuwa nayo anawanywesha wote. Mikono thelathini na minane ikagonga sarafu mezani.

"Na wewe, bwana sarafu?" akauliza Rudell, mhudumu wa kaunta, sajini mstaafu mwenye kifua cha kabati.

Lonnie akapapasa mifuko. Meza nzima alikwisha kuiuza. Ilibaki moja tu. Akaitoa, akaifunika kwa kiganja.

"Toa mkono."

Akautoa. Rudell akainama, akamwona tai aliyechorwa juu yake. "Mbona hii ni ya Clyde?"

Viti vikakwaruza sakafu.

"Kama ni ya kweli, umemwibia mjane," Rudell akasema polepole. "Kama ni bandia, haihesabiki, unatunywesha. Chagua."

Lonnie akaangalia mlango. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kuuegemea.

"Bandia!" akapiga kelele. "Nazitengeneza mimi! Zote bandia, wallahi!"

"Mhesabie huyo tai kucha," Bi Odessa akasema.

Lonnie akahesabu. Kucha mbili. Tai wa jenerali ana kucha tatu. Wa mbili ni wa kiwanda anachonunulia yeye. Alidhani anadanganya, kumbe amesema kweli, mara ya kwanza maishani, mbele ya wateja wake wote.

"Ya Clyde ndiyo hii niliyoiangusha. Kule gulioni haikutoka mkobani mwangu," Bi Odessa akasema, akaitwaa ile ya kiganjani mwa Lonnie, na sasa sauti yake haikuwa ya bibi wa gulioni. "Hii uliyonichomolea kwenye kitambaa ndiyo uliyomuuzia Clyde mwaka juzi, akiwa mgonjwa. Ulimwambia ni ya rafiki yake aliyefia vitani. Alilala nayo chini ya mto mpaka anakufa. Alikuamini, shetani wewe."

Lonnie akafungua pochi.

Dola mia nne ziliingia kaunta na bia zikatoka. Alipokuwa anajikokota kuondoka, Bi Odessa akamnyooshea mkono. Akaupokea, maana hakujua afanye nini kingine, akahisi kitu baridi kikimwingia kiganjani.

"Hiyo ya kucha mbili umepewa mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi," Bi Odessa akasema. "Sasa nawe una pa kuanzia."