Vidole vya Bwana Harusi

Leo nimeumbuka. Mbele ya wagonjwa wote wa sukari wa Kawempe, na wengine walikuja na watoto wao.

Mwenye kosa la kwanza ni shemeji yangu Opio. Mnajua mwaka jana nilikatwa kidole cha mguu kwa sababu ya sukari. Mwezi uliopita Sista Nakato wa kliniki akanipa kamashine ka kujipima nyumbani. Unachoma kidole, unaweka tone la damu, unaandika namba kwenye daftari. "Mzee Ojok, mimi nakuona mara moja kwa mwezi," akasema. "Siku zingine zote musawo, daktari wako, ni wewe." Vizuri. Opio akaja kunywa chai, akasema ile sindano inamaliza nguvu za mwanaume.

Mwenye kosa la pili ni mke wangu Akello. Asubuhi moja nilikuwa nahangaika na sindano (nimekaa jeshini, risasi mbili zimenipita mwilini, lakini risasi haikuambii ujipige mwenyewe). Akello akachoka. "Chukua kidole changu, uache kelele. Chai inapoa." Nikachukua. Namba ikatoka nzuri. Kesho yake tena. Mwezi mzima.

Akello ana sukari nzuri sana.

Leo Sista akafungua daftari langu, akatabasamu. Akasema ataongea na daktari wanipunguzie dawa, akaandika. Nikasema asante. (Ndiyo, nilisema asante.) Akaniketisha mbele. "Huyu anajitunza. Mzee, waonyeshe unavyofanya asubuhi."

Nikatoa mashine. Nikaweka sindano mpya. Nikapangusa kidole kwa pamba, taratibu, kama kila siku. Watu wanatazama, wanajifunza.

"Papa," akasema Mama Furaha, yule Mkongomani anayeuza vitenge sokoni Kalerwe. Alikuwa kushoto kwangu, pale pale anapokaaga Akello nyumbani. "Hiki ni kidole changu."

Mkono umezoea. Nilikuwa nimekishika kabisa.

Kwanza hakuna aliyecheka. Sista akaja, akageuza mikono yangu, akatazama kidole kimoja kimoja. Mwezi wa kuchomwa, hakuna hata alama. "Vidole vya bwana harusi," akasema. Hapo wakacheka. Mama Furaha alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka.

Nikachomwa mimi mwenyewe. Ishirini na mbili, na ya Akello haikuwahi kupita sita. Sista akafuta alichoandika kuhusu dawa, akavuta kiti, akasema polepole, "Ningekupunguzia dawa kwa damu ya mke wako. Na mguu, wangekata wa nani?"



Akanifundisha nichome pembeni ya ncha ya kidole, si katikati. Kumbe hapaumi sana. Angeniambia tangu mwanzo (aliniambia, mimi nilikuwa namsikiliza Opio).

Kama ni lazima mcheke, mchekeni Opio. Mimi Alhamisi narudi, Sista ameniita nionyeshe tena, na Mama Furaha ameshasema atakaa mstari wa nyuma.