Trei Kumi na Mbili kwa Siku Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka kwa daktari wa meno na mfuko wa trei kumi na mbili za plastiki, nyembamba kama ganda la kitunguu. Za kunyoosha meno ya juu. Yameinama mbele kama wazee wanaochungulia kisima. Mawili ya chini niling'olewa nikiwa kijana, desturi yetu sisi Wakipsigis, na ya juu yakakosa wa kuyazuia.

Binti yangu Sue ndiye amenipeleka. Daktari Nabalayo akasoma sheria. Kila trei wiki mbili. Masaa ishirini na mbili kwa siku. Nitoe nikila. Nikiwa nayo, maji baridi tu. Nipige mswaki kabla ya kuirudisha. Nikasema ndio kwa kila kitu, vile mtu husema kanisani.

Sasa hesabu. Jumamosi ya tarehe kumi na sita ni koito, wakwe wanakuja kwetu Olenguruone kumwomba mjukuu wangu Chepkemboi. Huyo ndiye, kwa desturi yetu, amebeba roho ya marehemu mke wangu. Nilimwahidi huyo msichana nitamsemea mbele ya wakwe mimi mwenyewe. Lakini binamu yangu Kiplangat, mwenye meno ya bandia meupe kama sinki ya hoteli, ameambia ukoo eti nikisema nawaosha wageni uso kwa mate. Anataka kusema yeye.

Trei kumi na mbili. Siku kumi na mbili. Mungu akitaka kukuonyesha njia hafichi.

Jumatano, 6 Agosti

Trei ya tatu. Ilikataa kuingia, nikaigonga na mwiko. Taya inauma mpaka kwa sikio. Sue amenikuta nikitoa machozi jikoni, akauliza ni nini. Nikasema nimekumbuka mamake. Akakaa chini akalia pia. Nimejiona mtu mbaya sana. Lakini siri imekaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna mtu wa kwetu anaweza kuishi kwa maji baridi. Nimekunywa chai, vikombe viwili, trei ikiwa ndani. Ililainika kama mshumaa, ikakunjika, ikageuka rangi ya chai. Nimeitupa hiyo ya tano, nikaruka ya sita, nikavaa ya saba.

Nabalayo akapiga simu jioni kujua naendeleaje. Nikamwambia niko na ya kwanza na tunapendana. Akaonya kwamba wenye haraka hulegeza mizizi ya meno na kuumiza taya. Nikamjibu mimi sina haraka hata ya kuzeeka. Alicheka. Mimi sikuweza, mdomo haufunguki hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nilikuwa na mpango mzuri. Nilimwita Kiplangat hapa nyumbani Free Area kwa mahindi ya kuchoma. Nilichagua yale yaliyokomaa kabisa, ya kuvunja jiwe. Meno ya bandia yakivunjika, atasemaje Jumamosi?

Kiplangat alitoa meno yake pole pole, akayafunga kwa leso, akaweka mfukoni. Kisha akapukuchua punje moja moja, akizimung'unya kama peremende na kunitazama. Akauliza mbona mwenye nyumba hali. Kwetu mwenye nyumba asipokula, mgeni anaruhusiwa kuwaza sumu. Nikauma. Kitu kikalia kra. Trei ya tisa imepasuka katikati. Kiplangat akasema mahindi ya mwaka huu yana kelele.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimebaki na ya kumi na mbili. Hizo zingine ziliisha kwa njia mbalimbali. Mdomo haufunguki, vidole viwili tu ndivyo vinaingia. Jino moja la mbele linacheza nikipumua.

Chepkemboi alipiga simu. Akasema, kugo, babu yangu, unaongea kama mtu ameshika kiazi moto kwa ulimi, wewe ni mgonjwa? Akasema Kiplangat anaweza kusema, hakuna mtu atakasirika. Nilikasirika mimi. Nikamwambia nitasema, hata kama ni kwa pua.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku imeisha. Naandika kwa sababu kuongea siwezi.

Wakwe walifika saa nne. Kabla ya maneno, kibuyu cha mursik kikazunguka. Maziwa yenye mkaa wa mti ndani, na kuyakataa ni kumkataa mgeni. Kutoa trei mbele ya wakwe ni kama kutema meno. Nikanywa nayo. Funda tatu, za heshima.

Nikasimama. Nikatabasamu kwanza, ndio waone kazi ya siku kumi na mbili. Mkaa wote ulikuwa umejaa ndani ya trei. Kwa nje ilikuwa meno meusi mstari mmoja. Shangazi ya bwana harusi akauliza, kwa upole kabisa, kama hiyo kitu ni ya ukoo.

Nikaivuta trei niwaonyeshe ni uchafu tu. Ilitoka. Jino likatoka nayo.

Kiplangat akasimama kabla sijafunga mdomo. Akawaambia wakwe huyu mzee ameng'oa jino ili mjue msichana anatoka kwa watu wa kutoa. Kisha akaongea nusu saa, tamu kama asali ya msitu wa Mau. Wakwe wakapiga makofi. Chepkemboi hakupiga. Alikuja akakaa karibu yangu, akanifuta damu kwa kona ya leso yake mpya. Akasema alitaka kusikia ile sauti yangu tu, na yale meno yaliyoinama. Sikuwa na chochote kati ya hivyo viwili.

Jumanne, 19 Agosti

Nabalayo ametazama mdomoni mwangu jino kwa jino. Kisha akasema kidonda kipone kwanza. Taya ipumzike, uji na viazi vya kupondwa. Atapima upya, atanitengenezea trei zingine, na hizo ni wiki mbili mbili, bila mchezo. Sue alikuwa hapo, akarudia kila neno kwa sauti ya polisi. Nikaapa mbele ya wote wawili.

Harusi ni Desemba. Chepkemboi ameniomba nitoe baraka, mimi, si Kiplangat.

Nimepiga hesabu barabarani tukirudi. Kidonda, kupimwa, kisha wiki mbili mbili: inafika mwaka ujao, karibu na Pasaka. Haiwezekani. Lakini daktari alikataza kuzibadilisha haraka. Kuvaa mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, hakutaja hata kidogo.