Aina ya Kumi na Moja

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma kwamba Idara yetu ya Maji imekuwa ya kwanza kumjua kila mtumishi wake, ndani na nje, bila kulazimika kuzungumza naye. Maji yenyewe wakati huo yalikuwa bado yanatoka Jumanne na Ijumaa. Mambo makubwa hayataki pupa.

Mimi ni Naibu Mkurugenzi na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuainisha Haiba. Tulikaa vikao ishirini na viwili. Tulithibitisha kwamba binadamu wote wako aina kumi na sita, na kwamba kichwa cha kila mmoja kina shughuli nane za utambuzi, zimepanga foleni: ya kwanza inafanya kazi, ya pili inasaidia, zilizobaki zinasubiri kustaafu. Yaani kichwa hakina tofauti kubwa na idara.

Shughuli iliyotutoa jasho ni ile ya mtu kujua jambo kabla hajaambiwa. Tuliitafutia jina kwa vikao vitatu. Tulipoafikiana kuiita Utambuzi Tangulizi wa Ndani, katibu muhtasi aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao aliinua kichwa.

"Si machale hayo, bosi?"

Kumbukumbu zinaonyesha kwamba alikohoa.

Mama huyu, ambaye ofisi nzima inamwita Antena, ndiye aliyeifanya kazi yetu iwe ya dharura. Alijua ukaguzi unakuja kabla barua haijafika. Alijua Mkurugenzi anasafiri siku kumi "kwa masomo" kabla mke wa Mkurugenzi hajajua. Kisha mke akapiga simu kuuliza, na Antena hana kipaji cha kusema uongo. Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango.

"Huyo wa machale ni aina ya ngapi?"

"Ya Kumi na Moja, mheshimiwa."

"Aina ya Kumi na Moja nzima ihamie kituo cha pampu."

Kituo cha pampu kiko kilomita tisini, barabara ikikubali. Tuliandika waraka wa kisayansi unaoeleza kwamba Aina ya Kumi na Moja hustawi penye utulivu na mashine. Nakala ikaenda wizarani.

Antena alijua kabla wino haujakauka. Alikuja mezani kwangu, akasimama, kashika mkoba kwa mikono miwili.

"Bosi, mama yangu amelazwa hapo ng'ambo ya barabara, mwezi wa pili sasa. Hakubali kula mpaka nimlishe mimi. Manesi wamejaribu, anafumba mdomo. Mkinipeleka huko pampu, nani atamlisha?"

Nilimhurumia. Lakini huruma kwangu ni shughuli ya sita, ikachelewa kidogo kufika. Nikamwambia hapa hakuna anayemwonea mtu. Fomu ndiyo itakayoamua. Maswali mia moja na ishirini, ajaze kwa ukweli.

"Na kwa kuwa unajaza yako," nikaongeza, "nijazie na yangu. Nina kikao."

Hapa naomba wasomaji wasio na uzoefu wa uongozi wanielewe: bosi hajazi fomu, bosi hutia saini. Kufika alasiri, fomu za wakuu kumi na wanne zilikuwa mezani kwa Antena, ya Mkurugenzi ikiwa juu. Akazijaza, nasi tukasaini zote. Zikaenda kwenye kompyuta ya mtaalamu mshauri, na matokeo yakaenda moja kwa moja wizarani, asije mtu akayachezea.

Yalirudi Alhamisi. Wakuu wote kumi na wanne ni Aina ya Kumi na Moja, wahame ndani ya saa ishirini na nne. Wizara ilitupongeza kwa kuwa mfano wa kujitolea.

Mkurugenzi alipayuka mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Antena! Umeandika nini humu?"

"Ukweli, mheshimiwa. Fomu inauliza, tatizo likitokea kazini unafanya nini? Sasa nyie tatizo likitokea mnaniita mimi. Nikaandika ninavyofanya mimi."

"Mara kumi na nne?"

"Maswali yalikuwa yaleyale."

"Na fomu yako wewe iko wapi?"

"Sikupata muda. Nilikuwa najaza zenu."

Mkurugenzi aliandika barua ya kuufuta waraka. Wizara ikajibu, kwa adabu kabisa, kwamba afisa aliyekwisha kuhamishwa hana mamlaka ya kuzuia uhamisho. Kuhusu mtu asiye na aina, kifungu cha tisa cha waraka kinasema abaki alipo na akaimu nafasi za juu zilizo wazi hadi aina yake ijulikane. Kifungu hicho nilikitunga mwenyewe, tena kwa ustadi, kwa ajili ya mpwa wa Mkurugenzi ambaye tulitarajia kumwajiri mwezi huu.

Naandika haya nikiwa kituo cha pampu. Tuko wakuu kumi na wanne, pampu moja. Nasikia mjini maji yanatoka siku tano kwa wiki, na kwamba kila saa sita mchana Kaimu Mkurugenzi huvuka barabara kwenda kumlisha mama yake, simu zikasubiri. Inaniuma, lakini nasikia mgonjwa ananenepa.

Nimeomba kurudi. Kaimu amenijibu kwa upole kwamba rufaa inaruhusiwa, mradi nijaze fomu kwa mkono wangu.

Swali la kwanza linauliza: "Wewe ni mtu wa namna gani?" Nililikodolea macho siku tatu. Nikamwomba mlinzi wa kituo anisaidie, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, hilo utaniuliza mimi? Kwani wewe na wewe hamjakutana?"

Nilimweleza kwamba miaka ishirini na tatu nimekuwa kiongozi, sikupata nafasi. Hatimaye nikaandika jibu pekee nililokuwa na uhakika nalo: "Naibu Mkurugenzi."

Fomu imerudi leo asubuhi. Pembeni pameandikwa kwamba hicho ni cheo, na kimeshapata mwenyewe.